Mpiga Piano na Arobaini ya Mama Yangu

Namshukuru Mola aliyenirefushia umri hadi nikaliona kosa langu kwa macho yangu mwenyewe hapa duniani, kabla sijaonyeshwa kesho mbele ya viumbe wote. Kwake hakipotei kitu, hata neno moja lililosemwa mlangoni. Rehema na amani zimfikie Mtume wake, jamaa zake na masahaba zake. Nikisha kumsifu, naanza kueleza, na ninayoyaeleza hayanipambi.

Nilipofika Birmingham mwishoni mwa miaka ya sitini, kazi niliyopata ilikuwa kusukuma vikapu vya mashuka machafu katika chumba cha udobi cha hospitali. Kwetu Unguja nilikuwa nasomesha. Nilikuwa na chuo changu cha Qurani, na wazee walinipisha njiani ingawa nilikuwa kijana. Mapinduzi yakapita, nikatoka na mke wangu na watoto wawili, na sikuwa na njia ya kurudi. Simlaumu mtu. Mwenyezi Mungu alinipa kazi, akanipa nyumba ya kupanga mtaa wa Lozells, akanipa afya. Lakini nakumbuka siku ya kwanza nilipoingia kwenye ule mvuke, na shuka la damu mkononi, nikajiuliza kama masheikh wangu walinihangaikia miaka yote ile kwa ajili ya hili.

Mashine kubwa ya kupigia pasi ilikuwa mwisho wa ukumbi. Wanawake wawili walisimama mbele yake wakiilisha mashuka kutwa. Mmoja wao alikuwa mama mrefu, mwenye mvi, umri wa hamsini na ushei. Wenzake walimwita Mrusi, naye kila mara aliacha shuka, akageuka na kusema, "Mimi si Mrusi. Mimi natoka Ukraine." Wakacheka. Kesho yake wakamwita Mrusi tena.

Saa ya chai niliona anakaa peke yake na vidole vyake vinakwendakwenda juu ya meza. Nilidhani anavuta uradi kwa vidole, kama wafanyavyo wazee wetu wasiokuwa na tasbihi. Siku moja nikamuuliza, "Bibi, unahesabu nini?"

"Sihesabu. Napiga," akasema. "Na wewe? Midomo yako inasema nini siku nzima na hayo makapu yako?"

"Narudia Qurani."

"Yote?"

"Yote, kidogo kidogo."

"Bila kitabu?"

"Bila kitabu."

Akasogeza kikombe chake nikae. "Basi mimi na wewe kazi yetu ni moja," akasema.

Tulizungumza Kiingereza, chake kibovu na changu cha shule. Habari zake nilizipata vipande vipande kwa miezi mingi. Alianza piano akiwa hajatimiza miaka sita. Akiwa na kumi na tisa alipiga mbele ya okestra katika mji wa kwao, na baadaye katika miji mingine ambayo majina yake sikuyashika. Alikuwa na tangazo la onyesho mojawapo, limekunjwa mara nne ndani ya kopo la biskuti, na jina lake limepigwa chapa kwa herufi kubwa ambazo mimi sizijui. Kisha vita vikaja. Wajerumani wakamchukua kwenda kulima viazi na kufunga risasi katika masanduku. Vita vilipokwisha akakaa kambini, na kambini Waingereza wakaja kutafuta wafanyakazi. Alipoulizwa anajua kazi gani, alisema piano. Karani akaandika: kiwanda cha pamba. Hapo tena miaka ikaenda, kutoka pamba hadi bisibisi, kutoka bisibisi hadi mashuka.

"Mama yako yuko wapi?" nilimuuliza siku moja.

"Alikufa. Niliambiwa kwa barua baada ya miaka sita. Hakuna aliyemkalia matanga hata siku moja."

Neno hilo nimelieleza hapa kwa sababu litarudi.

Mwenye nyumba yake alipouza nyumba, nikazungumza na mke wangu, tukampa chumba cha nyuma, chini, karibu na jiko. Chumba cha mbele, pia chini, nilikifanya chuo cha watoto wa jirani, wa Kizanzibari na wa Kipakistani. Watoto wetu walimwita bibi. Mke wangu alimwita mama, na alipenda kumpelekea wali, ingawa Kiingereza cha mke wangu wakati huo kilikuwa maneno kama ishirini.

Mwaka uliofuata kanisa dogo barabara ya pili lilikuwa likibomolewa, na piano yao ikitafutiwa mtu. Akanijia amesimama wima kama mwanafunzi.

"Maalim, utaniruhusu?"

Nilifikiri siku tatu. Wale walionisomesha hawakuwa watu wa ngoma wala zeze, nami niliwafuata. Mwishoni nikamwambia: usipige wakati wa sala, wala saa za chuo, wala Ijumaa kabla ya adhuhuri. Akakubali yote. Wanaume wanne waliiingiza piano chumbani kwake kwa kulitoa dirisha. Mmoja wao, Mzanzibari mwenzangu aliyekuwa na mdomo, alisimama katikati ya chumba akijifuta jasho, akaniambia, "Maalim, sasa utuambie, tukija kwako tuje na msahafu au tuje na kanga mpya? Maana sijui hiki ni chuo au ni taarabu."

Yule mama aliichukua ratiba ya sala kutoka msikitini, akaibandika ukutani juu ya piano. Wallahi aliijua kuliko sisi. Dakika mbili kabla ya wakati, kifuniko kilishuka, tap! Mara nyingine alitokeza kichwa jikoni akasema, "Maalim, alasiri yako imebakia dakika nne, na wewe bado unakula." Kiangazi kilimchosha.

"Mungu wenu hana saa moja ya kukaa nayo?" aliniuliza. "Leo isha, kesho isha, kila siku inakimbia."

"Mungu anazo saa zake," nikamjibu. "Jua lenu ndilo halina adabu."

Akacheka mpaka akashika ukuta. Ndivyo tulivyokaa. Alipiga jioni, baada ya kazi, na mimi juu niliisikia kupitia sakafuni. Hata siku moja sikumwambia kuwa ni nzuri. Niliogopa kutoa fatwa mbovu, na pia, naomba nisamehewe, niliona choyo.

Nilimfundisha jambo moja. Aliniuliza mtu anawezaje kuihifadhi Qurani nzima isimpotee. Nikamwambia walivyotuambia masheikh zetu: hifadhi ni ngamia. Ukimrudia kila siku na kumkaza kamba, atakaa. Ukimwacha, atakwenda, na hatakwambia kwaheri. "Juma moja unaona wewe," nikasema. "Mwezi mmoja wanaona watu wote."

"Kwetu tunasema karibu na hivyo," akajibu. "Lakini bila ngamia."

Krismasi moja wauguzi walifanya sherehe katika ukumbi wa hospitali. Kulikuwa na piano kule, ikifunguliwa mara moja kwa mwaka. Mmoja wa wasimamizi wetu, kwa mzaha tu, akapaza sauti, "Mrusi, tupigie basi!" Safari hii hakusema kuwa yeye si Mrusi. Alikwenda akakaa. Mimi nilikuwa nje nikipanga vikapu, na niliona watu wanaacha vikombe vyao wanakwenda mlangoni. Alipomaliza, daktari mmoja mzee alimfuata. Alikuwa katika chama cha watu wa muziki cha mjini. Mwezi wa pili barua ikaja. Walitaka kumsikiliza Jumamosi moja asubuhi, mwishoni mwa Machi, katika ukumbi wao. Wakiridhika, watampa onyesho lake, peke yake, mbele ya watu waliokata tiketi.

Alinisomea barua hiyo jikoni mara tatu. Mke wangu hakuelewa maneno, lakini alielewa uso, akapiga kigelegele chembamba, na yule mama akaruka.

"Miaka thelathini na mbili, Maalim," akasema. "Sitaki pesa yao, sitaki wanipigie makofi. Nataka nikae mbele ya watu walionyamaza kwa sababu yangu. Mara moja tu. Kisha nirudi kwenye mashuka."

Kutoka siku hiyo alizidisha. Alipiga kabla ya kazi na baada ya kazi, kila dakika ambayo ratiba ilimwachia.

Kisha Jumatatu moja, zikiwa zimebaki wiki tano na siku kadhaa, simu ya maandishi ikaletwa mlangoni. Ilitoka kwa mjomba wangu. Mama ametangulia mbele ya haki. Tumemzika Ijumaa.

Sikulia. Nilikaa kwenye kiti cha jikoni na ile karatasi. Nilikuwa mwanawe wa kiume peke yake. Mimi ndiye niliyekuwa nimsalie, mimi ndiye niliyekuwa nishuke kaburini nimpokee. Badala yake siku ya Ijumaa, saa ile ile, nilikuwa nafunga mashuka ya watu wengine waliokufa. Waliokuja kunipa mkono wa pole walikuwa sita, wakanywa chai, wakawahi basi.

Jioni yake yule mama alikuja mlangoni mwa chumba cha mbele nilikokuwa nimekaa na juzuu yangu. Alivaa nguo nyeusi. Nilimsikia aliporudi kutoka kazini akiufungua mlango wake, na sikusikia piano.

"Maalim, pole," akasema. "Nyumba yenye msiba haipigi muziki. Najua. Niambie tu, dini yenu inasema siku ngapi?"

Sasa ewe msomaji, tusikilizane. Nilikuwa mwalimu. Swali hilo watoto wa miaka tisa niliwafundisha wakalijua. Dini imetupa siku tatu za kukaa matanga, isipokuwa mke aliyefiwa na mume, huyo ana eda yake. Arobaini ni mila za watu, hisani na khitma tu, wala haimzuii mtu kazi yake. Siku tatu. Alhamisi angefungua kifuniko chake.

Lakini nilimtazama pale mlangoni, na nikaona mtu ambaye kitu chake alichonyang'anywa kinamrudia. Changu hakirudi. Nikahesabu haraka moyoni, Jumatatu mpaka Ijumaa ya wiki ya sita, nikaona inaishia wapi: mkesha wa Jumamosi yake. Nilijua. Nisiseme kuwa huzuni ilinipofua, maana mtu aliyepofuka hahesabu.

"Siku arobaini," nikasema.

Nilidhani atashtuka. Nilidhani atabishana, nami ningepunguza. Badala yake uso wake ukalainika.

"Arobaini!" akasema. "Kwetu pia ni arobaini. Siku ya arobaini ndipo roho inapokwenda zake. Sikujua kuwa na ninyi mnayo." Akashika mwimo wa mlango. "Sawa. Mama yangu hakupata hata moja. Nitamkalia wako."

Akaenda zake. Nikasikia kifuniko cha piano kinafungwa kwa ufunguo.

Asubuhi mke wangu aliniuliza mbona kimya. Nikamwambia.

"Umemwambia arobaini?" akasema. "Wewe, Maalim?"

"Ndiyo mila yetu."

"Mila ya kupika, si mila ya kufunga watu mikono. Ana mambo yake yule mama. Kamwambie ni tatu."

"Nimeshasema."

"Basi sema tena! Ulimi una mfupa?"

Nilivaa koti nikaenda kazini. Siku ya nne mke wangu, kwa yale maneno yake ishirini, akajaribu mwenyewe. Nilikuwa nimekaa pale pale na mkate wangu. Alimshika yule mama mkono, akamwonyesha vidole vitatu, akaelekeza piano, akafanya vidole vyake vicheze hewani. Yule mama alitabasamu, akambusu kwenye paji la uso. Kisha akaonyesha vidole vinne, na baada yake ngumi iliyofungwa, yaani sifuri. Akanielekeza mimi kwa heshima, kama kusema: mwenye elimu ndiye huyu. Mke wangu akanigeukia. Nikautazama mkate.

Kila jioni nilisikia kitu kama panya kupitia sakafuni. Alikuwa anapiga juu ya kifuniko kilichofungwa. Kucha na mbao, hakuna zaidi. Kazini nikamwambia, kwa aibu iliyokuwa ikianza kunila, kwamba piano ya hospitali labda ingeweza kufunguliwa, nitamwomba msimamizi.

"Hapana, Maalim," akasema. "Matanga si ya chumba. Ni ya mtu."

Zilikuwa siku arobaini, na kila siku moja nilikuwa na nafasi ya kusema. Nilisali sala zangu zote katika siku hizo. Nilisomesha watoto. Nilimsomea mama yangu khitma mbili. Sijui zilimfika na nini.

Jumamosi ya siku ya arobaini na moja alifungua kifuniko mapema, baada ya alfajiri. Nilimsikia akipanda na kushuka, akisimama, akirudia mahali pale pale. Saa tatu akanijia na koti lake jeusi. "Njoo na mimi," akasema. "Sina mtu."

Tukapanda basi hadi mjini, mimi na kofia yangu ya kazi, yeye na lile kopo la biskuti mapajani. Hakulifungua kulitazama, alilishika tu. Katika ukumbi ule kulikuwa na watu watano waliokaa mbele, na daktari mzee akiwa mmoja wao. Mimi nilikaa nyuma kabisa. Ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho maishani mwangu kukaa kwa nia ya kusikiliza muziki.

Alianza. Sina maneno ya fani hiyo. Najua tu kuwa mwanamke mmoja kati ya wale watano alikuwa akiandika, na akaacha kuandika. Dakika kama nane hivi ilikuwa kile alichokitaka: watu walionyamaza kwa sababu yake. Kisha akaingia kipande cha pili, kirefu, na katikati yake akasimama. Mikono ilikuwa juu. Akarudi nyuma kidogo, akaja tena, akasimama pale pale. Ninaijua ile hali. Nimewaona watoto wengi wakiwa mbele yangu wamefika kwenye aya, na aya haipo. Huwa nawapa neno la kwanza, wanaendelea. Yeye hakuwa na wa kumpa neno. Mara ya tatu alifika pale pale, akaishusha mikono mapajani.

"Ahsante, bibi," mmoja wao akasema kwa upole. "Inatosha."

Ngamia alikuwa amekwenda.

Kwenye basi alikaa upande wa dirisha. Tulipokaribia kwetu akasema, "Vidole vilikuwa vizuri, Maalim, ulisikia? Njia ndiyo iliyopotea." Baada ya kituo kimoja akasema tena, "Si neno. Mama yako amepata heshima yake."

Nilikuwa na nafasi hapo. Basi lilikuwa nusu tupu. Sikusema.

Barua ilikuja, fupi na ya adabu. Wasingeweza kwa sasa. Aliitia katika kopo pamoja na lile tangazo. Baada ya hapo aliipiga piano mara chache, nyimbo ndogo ndogo za watoto wetu, na watoto wakimsemesha Kiingereza chao cha mtaani ambacho alikielewa kuliko changu. Haikuwa tena ile niliyokuwa nikiisikia sakafuni. Nyumba yangu ikapata kimya nilichokitaka. Nilikuwa nikiamka kabla ya alfajiri nikakisikiliza kile kimya, na kilikuwa hakiniachii nafasi hata ya kusoma.

Miaka mitatu au minne ikapita. Halmashauri ya jiji ikaja kuandika nyumba za mtaa wetu, zilikuwa zibomolewe. Sisi tulipata nyumba Small Heath. Yeye alipewa chumba na jiko ghorofa ya tatu huko Shard End, mwisho wa mji, mahali asikomjua mtu. Ngazi zake zilikuwa nyembamba. Piano haikupita. Alisema basi, ibaki. Tulipokuwa tukimaliza kutoa vyombo nilikwenda kuitazama mara ya mwisho. Ukutani, nyuma ya ratiba mpya ya sala, zilikuwepo zile kuukuu, zimebandikwa moja juu ya nyingine. Hakutupa hata moja. Nikazifunua mpaka nikafika zile za Februari na Machi za mwaka ule. Kila siku ilikuwa imepigwa mstari kwa penseli, mistari arobaini, imenyooka. Pembeni mwa Jumatatu ya kwanza alikuwa ameandika neno moja kwa herufi zao. Baadaye nilimwonyesha padri wa kwao nikamuuliza ni nini. Akasema: mama.

Nilizibandua karatasi hizo nikaziweka ndani ya msahafu wangu. Jumapili iliyofuata nikapanda mabasi mawili hadi Shard End.

Alinipikia chai. Nilimwambia yote, hata ile hesabu niliyoifanya moyoni. Kwetu tunafundishwa kuwa haki ya Mungu Mungu huisamehe akitaka, lakini haki ya mja haiondoki mpaka mja mwenyewe aiache. Nilimweleza hilo pia. Alinisikiliza mikono yake ikiwa mezani, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue vidole vyake vilikuwa vimetulia.

"Tatu," akasema.

"Tatu."

"Mkeo alinionyesha."

"Ndiyo."

"Mkeo aliniambia, nami nikambusu." Akanyanyuka, akazima jiko lililokuwa limekwisha zimwa. "Unataka nini, Maalim?"

"Unisamehe."

"Leo?"

Nikakisukuma kikombe changu kando.

"Nipe siku arobaini," akasema. "Mimi nilikupa."

Nilizihesabu. Siku ya arobaini na moja nikarudi, na mke wangu amenifungia wali wa nazi. Akafungua mlango, akapokea wali, akapika chai. Tukazungumza habari za mvua, za watoto, za mguu wake. Hakulitaja lile, nami nikaona kumdai msamaha ni dhuluma ya pili. Nikaondoka. Nikawa nakwenda kila mwezi, miaka miwili na zaidi. Nilimpelekea dawa, nilimtengenezea dirisha. Kila mara, nikishuka ngazi zile nyembamba, nilifikiri: labda mwezi ujao. Alikufa majira ya baridi, hospitalini, juu ya mashuka ambayo huenda niliyasukuma mimi. Hakusema.

Watu wa kanisa lake walinialika siku ya arobaini yake. Ilikuwa siku arobaini kweli, nilihesabu. Walituwekea sahani ya ngano iliyochemshwa kwa asali, kila mtu akachukua kijiko. Mama mmoja mzee aliyekaa karibu nami alinishika mkono wa kanzu.

"Wewe ndiye yule mwenye nyumba?" akauliza. "Alituambia habari zako. Alisema kwa watu wako pia mnakaa arobaini, kama sisi. Alisema alimkalia mama yako, na wewe ukampeleka kwenye ukumbi, ukakaa nyuma. Alikusifu."

"Alisema lini hayo?" nikamuuliza.

"Siku zote. Hata wiki ile ya mwisho."

Kwa hiyo alinisitiri. Alijua, na watu wake hakuwaambia. Miaka imekuwa mingi tangu hapo, nimekuwa mzee, na bado sijui kama hilo ndilo jibu lake. Kusitiri si kusamehe. Vyote viwili nimevisoma milango yake katika vitabu, na najua kuwa mtu anaweza kutoa kimoja akashika kingine. Ngano ile niliitafuna mpaka punje ya mwisho.

Namshukuru Mungu kwa kila alichonipa, na namshukuru kwa hiki pia, kwamba hakuniacha nikajiona mwema. Namwombea yule mama kwa Mola wake kwa maneno ninayoyaweza. Na wewe uliyenivumilia mpaka hapa, Mwenyezi Mungu akufungulie kila mlango uliofungiwa bila haki. Akupe ulimi wa kurudi kwenye neno lako kabla jua halijatua, na akuwekee hai yule uliyemkosea mpaka umfikie. Amin.